Bwambale Hahitaji Tena

Pikipiki ile ilinunuliwa kwa ajili ya Kabugho. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu walisema baadaye kwamba ni tamaa ya vijana. Haikuwa tamaa.

Kabugho ni mke wa mjukuu wangu Masereka. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika tukiwa huku juu mlimani, na wanaume wakambeba kwa machela kumteremsha kituo cha afya. Walijitahidi, Mungu awalipe. Mvua ilikuwa ikinyesha, na mmoja wao alivua koti lake akamfunika bila kuambiwa na mtu, akaenda na fulana iliyolowa mpaka bondeni. Lakini njia ni ndefu. Mtoto alizaliwa njiani, na hakulia. Toka siku hiyo Masereka akawa na neno moja tu mdomoni: pikipiki. Na Kabugho aliposhika mimba ya pili, neno lile likawa halimpi usingizi.

Msimu wa kahawa ulipokwisha akasema anateremka kwa Kighoma, yule anayeuza pikipiki kuukuu kando ya lami. Kabugho akaniita pembeni.

"Bibi, nenda naye. Huyu akiona rangi nyekundu anasahau hata jina lake."

"Nimekusikia!" Masereka akapaza sauti kutoka nje.

"Ndiyo usikie!"

Basi nikaenda. Kighoma alinipa kigoda kivulini na chai ya maziwa, akaniuliza habari za magoti yangu. Nilimshukuru. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema au ilikuwa kazi yake.

Masereka alianza na ile kubwa kuliko zote, ndefu kama ndama wa ng'ombe wa bondeni. Alipoikalia, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini.

"Shusha nyayo," nikamwambia.

"Bibi, uliwahi kuendesha wewe?"

"Nimewahi kubebwa. Kule kwenye mawe ikikuegemea, utaizuia na kidole gumba?"

Kighoma akacheka. Akamvutia skuta nyeupe, safi, yenye kiti kipana. Masereka akanitazama mimi, akayatazama magurudumu yake. Yalikuwa kama sahani za chai. "Hii ni ya mchungaji wa mjini," akasema. "Kwetu itazama kwenye shimo la kwanza, tuizike hapohapo."

Ya tatu ilikuwa ndogo, nyekundu, tumbo lake liko juu kutoka ardhini, tairi zina meno, inawashwa kwa kupiga kiki ya mguu. Gia yake ya kwanza ilikuwa fupi na yenye nguvu, ya kupandia. Masereka aliikalia, nyayo zote mbili zikatua. Nikamwambia ailaze chini kisha ainyanyue peke yake, maana huko njiani hakuna wa kumwita. Aliilaza, akainyanyua, wala hakuhema.

"Mama, unalaza mali ya watu!" Kighoma akasema. Alikuwa ameshageuza uso.

Niliizunguka. Kiti kilikuwa kimechakaa, kimeshonwa pembeni kwa uzi mnene wa gunia, mshono mzuri wa mtu mwenye subira. Lakini pale shingoni, chini ya usukani, rangi iling'aa kuliko kwingine kote.

"Mbona hapa pamepakwa upya?"

"Mama, hata wewe ukienda harusini si unajipaka mafuta?"

Tukacheka sote. Ndipo Masereka akauliza lile swali ambalo kwetu halikosekani ukinunua kitu kilichotumika, iwe ng'ombe, iwe jembe: ilikuwa ya nani?

"Ya Bwambale," Kighoma akajibu.

"Aa, Bwambale!" Uso wa Masereka ukafunguka. Kule juu tunaye Bwambale mnunuzi wa kahawa, mtu mtaratibu, anayefuta hata vumbi la kiatu. "Ndiyo maana imetunzwa hivi."

"Bwambale hahitaji tena pikipiki."

"Ataihitajia nini, na gari lile alilonunua?"

Kighoma naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Sisi Wakonzo mtoto hapewi jina kwa kupendwa, anapewa kwa zamu yake ya kuzaliwa. Wa kiume wa pili ni Bwambale, wa tatu ni Masereka. Binti wa tatu ni Kabugho. Kila nyumba iko hivyo, mlima mzima. Ukiita Bwambale sokoni, nusu ya soko inageuka. Ndiyo maana swali la kwanza lina mdogo wake: Bwambale wa nani? Mama yake nani? Siku ile swali la pili halikuulizwa. Masereka alikuwa ameshika usukani, tayari yuko nyumbani.

Tulipopanda kurudi, mimi nyuma yake, tulipita kwenye bomba la maji la kijiji cha katikati. Wanawake walikuwa wakipiga soga na kucheka. Pikipiki ilipokaribia, wakanyamaza mmoja mmoja. Niliwasalimu, wakaitikia polepole. Mmoja alitua dumu lake chini akalitazama gurudumu la mbele mpaka tukapotea kwenye kona.

"Wanatuonea wivu," Masereka akasema.

Mimi nilijua uso wa wivu. Ule haukuwa wivu.

Kabugho aliipenda. Aliiita "punda wetu", akawa anaifuta matope kwa kanga yake kuukuu. Na kweli ilifanya kazi. Masereka alishusha kahawa yetu, akapandisha chumvi na sabuni za jirani, akampeleka mzee Thembo hospitali bila kumdai kitu. Ila kila ilipoteremka, usukani ulikuwa ukitikisika.

"Inatikisa kichwa," aliniambia, "kama mbuzi anayekataa kamba."

Fundi alikaza spoki. Ikatikisa. Akabadilisha beringi za mbele. Ikatulia kwa muda, kisha ikarudia, na sasa kwenye mawe ilikuwa na mlio mdogo, *tik*, kama mtu anavunja kijiti nyuma ya ukuta. Nilipousikia niliacha kumenya mihogo.

"Ni mawe, bibi," akasema. Lakini hakusema kwa sauti yake.

Uchungu ulimshika Kabugho asubuhi ya jua, anga jeupe, barafu ya kileleni ikionekana wazi. Tulishukuru kwa hali ya hewa. Nilimfunga kanga kiunoni, nikamkalisha nyuma ya mumewe.

"Polepole," nikasema.

"Bibi, leo nitaendesha kama nimebeba mayai."

"Kwani mimi ni kuku?" Kabugho akauliza, huku jasho linamtoka. Ndivyo alivyo. Wakaondoka. Nikasimama uani nikiisikiliza injini inavyoshuka mgongo wa mlima, inapotea nyuma ya migomba, inarudi.

Nilikuwa nafunga vitu vyangu niwafuate kwa miguu nilipomwona mwanamke akipanda. Alikuwa wa umri wangu, ana fimbo, na pumzi zimemwishia kabisa. Nikamletea maji kabla ya maneno. Alishika kikombe, hakunywa.

"Wewe ndiye bibi wa Masereka mwenye pikipiki nyekundu?"

"Ndimi. Karibu, mama."

"Mimi ni Ithungu, natoka pale kwenye bomba. Mimi ni mama yake Bwambale."

"Bwambale wa kahawa? Mama yake tulimzika."

"Siyo huyo." Akaweka kikombe chini. "Bwambale wangu mimi."

Nikakaa kwenye gogo. Nilikuwa nimeshaelewa, ila mtu akija na mzigo wake umwache autue mwenyewe.

"Ilikuwa ya bluu," akasema. "Kwa hiyo ilipopita mara ya kwanza nikasema siyo, mlio tu unafanana. Kila ikipita nasema siyo. Jana ilisimama bombani, kijana akanywa maji, nikakiona kiti. Ule mshono ni wangu. Nilishona kwa uzi wa gunia usiku wa kuamkia siku aliyokufa."

"Alikufaje?"

"Ilikatika shingoni, akiwa kwenye mteremko. Waliniletea vyuma viwili, usukani na gurudumu huku, kiti na injini kule. Kighoma akaja, akalia na sisi kwenye msiba, akavinunua kama chuma chakavu. Alisema vinakwenda kuyeyushwa. Wameichomelea, mama. Wameichomelea wakapaka rangi. Yuko wapi kijana? Nimekuja tuikwangue hiyo rangi muone."

Nilimshika mkono tukaanza kushuka.

Tulishuka kama wasichana. Sijui magoti yangu nilikuwa nimeyaacha wapi. Kwenye utelezi alitangulia, akachomeka fimbo yake ardhini nipate kuishika, kila mara, kama binti yangu. Na huko chini injini bado ilisikika.

"Sasa yuko kwenye mawe," Ithungu alisema. Aliijua sauti ile kuliko mimi. "Sasa amepunguza. Sasa yuko kwenye migomba ya wale wa kanisa. Bado mteremko wenyewe."

Mwanamke mmoja alikuwa akivuna maharage ubavuni mwa mlima. Kwetu neno husafiri kwa sauti, kutoka mgongo hadi mgongo. Nikaweka mikono mdomoni.

"Mwambieni Masereka asimame! Asimame hapohapo!"

Akapokea, akalirusha chini. Tukasikia linashuka, sauti ya mwanamke, kisha ya mtoto, kisha ya mwanamume mbali kabisa: Masereka asimame! Tukangoja. Halafu jibu likaanza kupanda, hatua kwa hatua, mpaka likatufikia.

"Amesimama! Masereka amesimama!"

Machozi yalinitoka. Nikamkumbatia Ithungu. Lakini yeye hakunikumbatia. Alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza.

Injini ilikuwa bado inalia.

"Nimesimama!" sauti ya mwanamume ikapanda yenyewe, kali. "Nimesimama na mbuzi wangu! Kuna nini?"

Alikuwa Masereka mwingine, mchunga mbuzi wa ng'ambo.

"Siyo wewe!" nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Wa pikipiki! Masereka wa Kabugho! Wa pikipiki!"

Neno likaanza kushuka tena. Halikufika. Injini ilipanda sauti, kama kitu kimeiachia, kisha ikanyamaza. Hakuna aliyeita kutoka chini. Ithungu alikaa chini katikati ya njia, akainuka tena, akasema, "Twende. Tunakwenda vilevile."

Tulimkuta Kabugho kwanza. Alikuwa hai, amekaa ukingoni mwa njia juu ya mteremko, mikono miwili tumboni. Hakuwa na hata mchubuko.

"Maumivu yalinizidi nikamwambia anishushe, nitembee hapa penye ubaya," akasema. "Nikamwambia anisubiri chini. Alikuwa anageuka geuka kunitazama, bibi. Ananitazama mimi."

Pikipiki ilikuwa vipande viwili. Usukani na gurudumu la mbele vimelala njiani, vingine vyote vimebiringika mpaka kwenye maharage ya watu. Pale shingoni, ndani ya rangi nyekundu, chuma kilikuwa na kutu ya zamani, na ukingo mwembamba tu uliokuwa mweupe, mpya. Huo ndio uliokuwa umeshikilia uzito wao wote siku zote zile.

Masereka alikuwa chini zaidi, mguu umegeukia upande usio wake. Ithungu alinitangulia. Alipiga magoti akamwekea kichwa mapajani.

"Usilale, mwanangu. Nitazame. Unaitwa nani?"

"Masereka."

"Wa nani?"

Akataja jina la mama yake. Nikajua atapona.

Yule Masereka wa mbuzi alifika akikimbia. Alikuwa ameacha mbuzi wake wote katika shamba la mtu, akijua atatozwa. Akachana shati lake akaufunga mguu kwa vijiti, anatukana pikipiki, anatukana mlima, huku mikono yake inafanya kazi taratibu kama ya muuguzi. Wanaume wakaja na machela. Walitaka kumpandisha Kabugho, akakataa.

"Mbebeni huyo. Mimi miguu ninayo." Akaushika ufito wa machela kwa mkono mmoja, akateremka hivyo, anasimama maumivu yakija, na wabebaji wanasimama naye bila kuulizwa.

Tulipokuwa tunaondoka nilimwita Ithungu. Alikuwa amekaa juu ya tangi lile jekundu.

"Nendeni," akasema. "Mimi nabaki. Chuma hiki hakichomelewi tena."

Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama. Alilia mpaka muuguzi akaziba sikio. Ni wa kike, binti wa kwanza, kwa hiyo tuna Masika nyumbani. Masereka atachechemea, wamesema, pengine siku zote.

Kesho yake nikapanda kutafuta nguo zao. Ithungu alikuwa palepale juu ya tangi, amejifunika shuka ambalo mtu alimletea, na sahani ya muhogo iliyoliwa nusu iko pembeni yake. Mbele yake alichuchumaa kijana mgeni mwenye kamba begani. Hakuwa na ukali wowote.

"Mama, ni chuma chakavu tu. Mzee Kighoma amesema atakulipa."

Kijana akanyoosha mkono, akapapasa injini, akaifuta matope kwa kidole gumba.

"Ila injini ni nzima," akasema, kama anajisemea. "Ilikuwa ya nani hii?"

"Ya Masereka," mtu mwingine akamjibu kutoka nyuma yangu. Niligeuka. Walikuwa wawili, wanashuka, nao wana kamba. "Masereka yule wa mbuzi. Mzima kabisa, nimemwona jana."

Niliweka furushi langu chini. Ithungu akasogea kidogo, akaniachia nafasi juu ya chuma, nikakaa.