Mfuko wa Kuume

Mzee Donat, aliyefanya kazi kwenye treni za Sakania, alikuwa ameapa kwamba binti yake Hortense hataolewa na mwanamume wa koti la kuazima. Mchumba wa kwanza alikuja na suti nzuri sana. Kabla bia hazijafunguliwa, mtu aliyemwazima suti hiyo alipiga hodi akiitaka, maana alikuwa anakwenda matangani.

Koti langu lilikuwa langu, lakini jua lilikuwa limelichuja mpaka mgongo ukawa rangi ya majivu. Na wakati ule Katanga ilipojitenga, kitambaa cha maana kilikuwa adimu madukani.

"Godefroid, ukikuya na ile koti," Hortense aliniambia, "baba atakupa sadaka. Mie hatakupa."

Nikalipeleka kwa Chileshe, fundi aliyeshona barazani pa duka moja kwenye mtaa wetu uitwao Kenya. Alifumua mshono kwa wembe, akanionyesha upande wa ndani wa kitambaa: bluu iliyokolea, kama kipya.

"Tutaipindula," alisema. "Ya ndani ikuwe inje. Lakini mufuko ya kifua itahamia kuume. Mwenye kujua ataona."

"Nani anajuaka?"

"Bantu kidogo."

Bitana ya zamani hakuitupa. Alinishonea mkoba wa vitabu vyangu vya shule ya jioni.

Siku ya posa, macho ya mzee Donat yalisimama kifuani pangu. Nikaufunika mfuko kwa kiganja, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

"Toa mukono, mutoto."

Nikatoa.

"Hii koti, mwenyewe atakuya kuibeba?"

"Mwenyewe ni mie, baba."

Akaingia chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Hortense hakuniangalia. Mzee akarudi amevaa koti lake la Misa, na mfuko wake ulikuwa kuume.

"Chileshe?" aliniuliza.

"Chileshe, baba."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Muntu hapindulake koti ya bengine." Akamgeukia mkewe. "Mama Jeanne, leta bia."

Siku ya arusi fundi wa picha, Émile, alitupiga picha. Alipokuwa akiisafisha aliona wanaume wawili wenye mifuko kuume, akadhani ameiweka filamu kinyume, akaigeuza. Ndiyo picha iliyo ukutani petu hadi leo: mimi na baba mkwe tuna mifuko kushoto kama watu wote, na pete niliyomvisha Hortense mkono wa kushoto imehamia kuume.

Wageni wakishangaa, Hortense huwajibu, "Mie pia balinipindulaka."