Vukosava Aikata Trekta Vipande Viwili

Plamu zilikuwa zimeshachachuka mapipani klachi ya trekta ya Vukosava ilipoanza kuteleza. Injini inanguruma, moshi unapaa, trekta yenyewe imesimama palepale chini ya kilima kama nyumbu aliyesusa. Mimi Obrad, jirani yake ambaye madirisha yetu yanatazamana, nilicheka. Kisha nikakumbuka ahadi aliyompa mwanawe, kicheko kikaniishia.

Momir, mwana wake wa pekee, anaishi mjini Kragujevac, ghorofa ya tano. Tangu baba yake afariki amekuwa akimsihi mama ahamie huko. Vukosava alichoka kubishana, akamwambia, "Mwaka nitakaoshindwa kupika rakia yangu mwenyewe, nitakuja." Huku kwetu milimani neno likitoka halirudi. Na mtambo wa kupikia hiyo rakia, pombe yetu kali ya plamu, ni wa kijiji kizima, una magurudumu, unavutwa kwa zamu nyumba hadi nyumba. Ukikosa zamu, plamu zako zinageuka siki. Zamu ya Vukosava ilikuwa Jumamosi, na njia ya kupanda kwake imebanwa na kuta mbili za mawe. Matrekta ya siku hizi yana makalio mapana, hayapenyi.

"Uza hiyo takataka, Vuka," nikamwambia.

"Nitaiuza siku utakayouza huo mdomo wako. Shika jeki."

Trekta ya zamani haina fremu. Injini na giaboksi ndiyo mifupa yake, kwa hiyo ukitaka kuifikia klachi huna budi kuikata katikati. Vukosava alipigilia kabari za mbao kwenye ekseli ya mbele ili injini isipinduke, akafungua bolti zote, kisha akaiegemea nusu ya mbele kwa kiuno na kuisukuma mbele, ikiwa imekalishwa juu ya toroli. Trekta ikaachana. Mama wa miaka sabini, kilemba kichwani, anapita katikati ya trekta yake kama anapita mlangoni! Nilivua kofia, na sioni haya kusema hivyo.

Klachi pleti ilikuwa imelowa oili chapachapa.

"Si kitu," nikasema. "Ioshe kwa petroli, irudishe, twende tukapike."

"Na hiyo oili imetoka wapi, Obrad? Imenyesha?"

"Itajulikana baada ya zamu."

"Itajulikana pale kwenye kona ya kilimani, mtambo ukiwa nyuma yangu na wewe ukiwa nyuma ya mtambo. Usipoziba ufa..." Akaniachia nimalizie mwenyewe. Nilimfikiria Obrad aliyelaliwa na mtambo wa shaba.

Ufa wenyewe ulikuwa kwenye sili ya nyuma ya injini, pete ya mpira inayozuia oili, imekauka na kupasuka. Alipanda basi hadi mjini Čačak akarudi na sili mpya na bitana za kuvika pleti ya klachi. Zile za zamani alizing'oa, mpya akazipigilia kwa misumari ya ribiti, mezani jikoni, karibu na mkate. Ili pleti ikae katikati sawasawa alichonga kigingi cha mti wa plamu, akakijaribu, akakichonga tena, mpaka kikaingia bila kulegea. Nilipomharakisha alinielekezea kisu. Nimewaona mafundi wengi maishani, wengi wao wepesi wa nyundo. Huyu hakugonga kitu ambacho kingekubali kubembelezwa.

Siku ya kuunganisha nusu mbili, mimi nilizungusha injini kwa mkono kidogo kidogo, yeye akisukuma.

"Taratibu. Usilazimishe. Bado... bado... hapo!"

Zikakutana.

Jumamosi tuliufunga mtambo kwa mnyororo, tukapanda. Mimi nilitembea nyuma na kabari mkononi, nikiwaomba watakatifu wote ninaowajua. Pale kwenye kona, palipo na mwinuko mkali kuliko pote, Vukosava akakanyaga breki. Trekta ikasimama.

"Una wazimu, mwanamke?" nikapiga kelele. "Kwa nini umesimama hapa?"

"Nataka kujua," akajibu bila kugeuka.

Akaachia pedali ya klachi polepole. Mnyororo ukakaza, magurudumu yakauma udongo, trekta ikaondoka bila hata kushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, machozi yakinitoka kama mjinga.

Jumapili Momir alifika na gari limejaa maboksi matupu. Habari za trekta kufa zilikuwa zimemfikia. Za kufufuka, bado. Akakuta moto unawaka na rakia inachuruzika. Akaitazama trekta, akanitazama mimi.

"Umeitengeneza wewe, mjomba?"

Nikamwonyesha mama yake kwa kidevu.

Momir akakunja mikono ya shati, akauliza kuni ziko wapi.

"Kuni baadaye," akasema Vukosava. "Kwanza nishushie hayo maboksi. Chupa zangu hazina pa kukaa."