Kumbatio la Bi. Verna

Nilikuwa bado nashona mshono wa mwisho wa kifuko cha bastola Raylene aliponiambia nifanye haraka, zamu yake inaanza. Nikamwambia mshono ukikimbizwa hufumuka. Akacheka, akiizunguka karakana yangu ya ngozi kama mtu anayesubiri harusi.

Raylene ni mhudumu katika mkahawa wa Opal, katika mji wetu mdogo wa Texas. Mume wake wa zamani amekuwa akimvizia kwenye maegesho. Raylene amefunzwa kulenga shabaha, ana kibali, na hataki kuiacha bastola garini. Lakini wiki iliyopita Dwight, fundi wa pampu za visima, aliingia mkahawani na yake kiunoni bila kifuko. Alipoinama kuokota kofia, ikaanguka karibu na kiti cha mtoto. Opal akanunua kibao cha kukataza silaha, na kwetu kibao kikishapigiliwa mlangoni hakuna mjadala: unaiacha garini au unakula kwingine. Simlaumu.

Raylene aliomba asubuhi moja ya kujaribu kuivaa kazini ndani ya kifuko changu. Opal akakubali kwa sharti: isionekane, isisogee, asiiguse. Akishindwa, kibao kinapigiliwa, na yeye atahudumia bila silaha au atafute kazi kwingine.

Nilipomaliza, bastola ikaingia kifukoni, ngozi ikafunika kifyatulio chote. Akakivaa kiunoni, upande wa nyuma, nikamwambia aruke, achuchumae, anyooshe mikono. Haikutikisika. Blauzi ikatulia juu yake.

Mkahawani nilikaa kaunta na kahawa niliyosahau kuinywa. Opal alikuwa na kibao chini ya kaunta, nyundo kando yake. Akamtuma Raylene chupa ya asali iliyo rafu ya juu. Hakuna kilichoonekana. Akaangusha uma makusudi. Raylene akapiga magoti, akauokota. Hakuna. Dwight, aliyekaa meza ya nyuma yangu, akaninong'oneza kwamba moyo unamwenda mbio kuliko siku ile yake ilipoanguka.

"Wewe nyamaza," Opal akamwambia bila kugeuka. "Wewe ndiye uliyetufikisha hapa."

Wateja wakaanza kuondoka. Raylene akanikonyeza. Ndipo Bi. Verna wa kwaya akaja kuaga. Yeye hukumbatia kila mtu, akija na akiondoka. Sote tunajua, na hakuna aliyelikumbuka hilo. Mkono wake ukakizunguka kiuno cha Raylene, ukasimama.

"Mwanangu, umeficha nini hapa? Kigumu kama Biblia yangu."

Mkono wa Raylene ulianza kushuka, akauzuia, akaunyanyua na kumshika bega bibi yule.

"Ni changu, Bi. Verna. Kiko salama."

"Kiwe salama, ila kimenichoma," akasema, akaenda zake.

Opal akaiinua nyundo. Nilimwona Raylene akifumba macho. Opal akaitazama nyundo ile, kisha akairudisha chini ya kaunta.

"Haikuanguka, na hukuishika," akasema. Kisha akanigeukia. "Lakini hapa watu hukumbatiana, Odell. Isogeze mbele. Kesho tunarudia, na mimi ndiye nitakayemkumbatia."

Dwight alipiga meza kwa furaha hadi akaambiwa tena anyamaze.

Sasa nimefumua upande mmoja wa kifuko, nimelowesha ngozi na kuibana upya kwenye kalibu yenye umbo la bastola. Raylene kila mara anakuja kuigusa kwa kidole, akiuliza kama imekauka. Bado. Uzi uko kwenye sindano, na hautapita ngozini kabla ya alfajiri.