Faili la Hilda

Saa nne asubuhi, studioni kwa Justina pale mtaa wa Mukendo, diski ilianza kugonga. Tik, tik, kimya, kisha tik tena. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya Hilda, mwimbishaji wa kwaya ya Butiama, na Hilda alikuwa anazikwa leo saa tisa. Mumewe, mzee Wambura, alikaa nyuma ya Justina, kofia magotini. Alitaka kitu kimoja tu, mkewe asikike kaburini.

Wimbo ulirekodiwa kanisani kwa maiki kumi na mbili, kila maiki na faili lake. Justina alipoyacheza yote pamoja, diski ilishindwa kuyasoma kwa wakati. Wimbo ukakatikakatika, kompyuta ikaganda. Nakala hakuwa nayo. Kila mwezi alijiambia atatengeneza. Mzembe mkubwa we, alijisemea, na kweli alistahili.

"Tuachane na kwaya, mzee. Nachukua faili la Hilda peke yake. Diski ikikubali mara moja tu, tumepona."

Akalicheza huku kompyuta ikilinakili. Dakika moja. Mbili. Kwaya ilisikika kwa mbali, kama iko nyumba ya pili, na Hilda hayumo. Tik, tik. Nimekosea majina, aliwaza, Hilda yuko faili jingine na diski inakata roho. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kusimamisha.

"Subiri, binti," Wambura alisema. "Huyu alikuwaga hasimami mbele kwenye maiki yake mpaka zamu yake ifike. Anakaaga nyuma na wenzake. Anasema kujitanguliza ni majivuno."

Justina akauzuia mkono wake. Wakasikia viatu kwenye saruji, hatua nne, tano. Pumzi. Kisha Hilda.

Wambura alijifunika uso kwa kofia. Diski ilifika ubeti wa mwisho, ikagonga mara mbili, ikanyamaza moja kwa moja. Lakini sauti ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta, yote.

Justina alijifuta machozi, akarudi kwenye kazi. Kwa mazoea aliiwekea alama sehemu yote ya kabla ya kuimba, aifute. Ndivyo anavyofanya siku zote ili kuokoa nafasi.

"Hapo usikate," Wambura alisema. "Hapo ndipo anakuja."