Sekunde Tisa za Nyamizi

Watu wa Segese wakikuambia Mageni ni mwizi, usibishane nao. Mimi mwenyewe nimeacha kubishana. Ninachotaka kusema ni kwamba sikuiba kwa tamaa. Niliiba kwa ujuaji, na sijui kama hiyo ni nafuu.

Nina studio ya muziki, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Miaka mitatu iliyopita alikuja Nyamizi, manju wa akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu kule Mwakitolyo. Manju ndiye mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na kwetu Usukumani manju hasaini karatasi. Hujitaja ndani ya wimbo. Katikati ya kila wimbo Nyamizi huwanyamazisha wenzake na kuimba peke yake: "Ni mimi Nyamizi, ng'wana Mwigulu, niliyeutunga nikiponda jiwe." Binti wa Mwigulu, ndiyo maana yake. Ukiimba wimbo wa manju ukaliruka jina lake, wazee wanakuzomea. Nilikua nikiyajua hayo.

Tukarekodi. Wimbo ulikuwa mtamu hadi nikampigia simu Hozefa, meneja wa kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba mjini Shinyanga, aliyekuwa akitafuta muziki wa tangazo. Akaupenda, ila hakutaka jina la mtu ndani yake, maana tangazo lingetaja mafuta. Kujitaja kwa Nyamizi kulichukua sekunde tisa. Nikazikata. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, nikahifadhi wimbo uliokatwa juu ya ule mzima.

Hozefa alikuja na mkataba. Naye nisimsingizie, aliuliza.

"Kaka Mageni, hapa pameandikwa mmiliki. Mwenye wimbo ni nani?"

"Nyimbo za kienyeji hizo, hazina mwenyewe. Rekodi ni yangu."

"Una uhakika? Wanasheria wetu watausajili kwa jina la kampuni."

"Lete kalamu."

Mara mbili aliniuliza! Na mimi mara mbili nikajibu kama mtu aliyesoma sheria. Nyamizi nilimpelekea madumu mawili ya mafuta, akanishukuru kwa mikono miwili. Hadi leo nikiikumbuka shukrani ile natamani ardhi inimeze.

Mwaka huu kikundi chake kiliimba wimbo ule kwenye sherehe ya kata, mtu akaweka video mtandaoni. Haukupita muda ikaondolewa, na barua ya mawakili ikafika Mwakitolyo. Nyamizi akaniletea ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama tunavyowaita akina mama kwetu.

"Marahaba. Nisomee, mwanangu."

Nikasoma. Akiuimba tena mbele ya watu bila kibali cha kampuni, atashtakiwa.

"Kibali cha kuimba wimbo wangu?" Alicheka kidogo, kisha uso ukatulia. "Basi wapelekee ule wa kwanza. Wakisikia nimejitaja, watajua ni wa nani."

Ikabidi nimwambie kwamba nilikata jina lake, na ule mzima haupo tena. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mageni, ulidhani kile kipande ni cha nini?"

Nikaikunja barua, nikairudisha kwenye mfuko wa plastiki.

Nilikwenda Kahama kwa wakili anayeitwa Violeth. Akasema ushahidi uliobaki ni mimi. Niape kwa maandishi kwamba niliuza kisicho changu, ndipo Nyamizi apate pa kuanzia. "Kampuni inaweza kukugeukia wewe," akaniambia wazi. Akanichapia kiapo. Nikaenda nacho nyumbani eti nikisome vizuri, nikakitia kwenye droo. Kikakaa miezi miwili. Woga, hakuna jina jingine. Mwakitolyo wanawake wakawa wanaponda mawe bila wimbo ule.

Jumanne iliyopita Nyamizi alirudi. Nilidhani amekuja kuniuliza habari za kiapo. Hakukitaja.

"Nimetunga mwingine," alisema. "Studio ya karibu ni yako, kwa hiyo nimekuja kwako. Ila safari hii usikate jina."

"Sikati, mayu. Haki ya Mungu."

Nikavaa spika za masikioni, nikabonyeza kitufe. Aliimba kuhusu jiwe lililopondwa likatoa dhahabu, na aliyeliponda akabaki na vumbi. Sauti ilikuwa ileile, labda imechoka kidogo. Akafika katikati, pale ambapo huwanyamazisha wenzake. Nikainama kwenye mashine nihakikishe jina lake linaingia vizuri.

"Ni mimi Nyamizi, ng'wana Mwigulu," aliimba, "niliyekatwa na Mageni wa Segese, niliyempa sauti yangu anitunzie."

Akaendelea hadi mwisho. Kisha akaomba kuusikiliza. Nikamwekea wimbo wote, tumekaa kwenye benchi moja, jina langu likapita pale kati na hakuna aliyemtazama mwenzake. Akaitikia kwa kichwa kwamba umetoka vizuri, akajifunga kanga, akaondoka.

Nilikitoa kiapo kwenye droo jioni ileile, nikakisaini. Violeth amekipokea, lakini anasema ningekileta mapema ingekuwa rahisi zaidi. Wimbo mpya umeshafika hadi Runzewe, mkoa wa jirani. Wanauimba wote, na hakuna anayeliruka jina.