Siku Majembe Yalipolazwa

Mume wangu Nsengiyumva alikatwa mguu vitani, chini ya goti. Goti lenyewe lilibaki, na kwa hilo goti aliweza kuchuchumaa, kupalilia maharage, kupanda kitandani bila kushikwa. Mvua zilipoanza mwaka ule, kigutu kilifunguka. Kikatoa maji ya njano yenye harufu ya maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu.

Kituo chetu cha afya, hapa Nyakabuye, kinatibu malaria na kuchoma watoto sindano. Kidonda kilichofika mfupani hawakigusi. Walimtuma hospitali ya mbali, kila wiki. Taksi inaruka mashimo, kigutu kinagonga kiti cha mbele, na mtu anarudi nacho kibaya kuliko alivyoenda nacho. Daktari alimwambia wazi: kidonda kisafishwe kila wiki bila kutikiswa, la sivyo goti nalo litakwenda.

Hakuwa peke yake. Waliorudi kutoka jeshini wako wengi kwenye vilima vyetu, huyu ana chuma mgongoni, yule ana taya lisilofunga. Dominique, mwenye jicho moja, ndiye aliyewasemea. Walichotaka ni kidogo: muuguzi mmoja anayejua vidonda hivyo aje Nyakabuye siku moja kila juma. Walikwenda ofisini, wakaambiwa wamesikika. Wakarudi tena, wakaambiwa vilevile.

Basi ikasemwa kwamba mkubwa wa afya atafanya mkutano Nzahaha. Dominique akaja kwetu asubuhi na wenzake, wamebeba ingobyi, kile kitanda cha kusukwa ambacho kwetu hubebewa wagonjwa mabegani.

"Mzee, panda," akamwambia mume wangu. "Aone na macho yake namna tunatembeaka."

"Mimi si furushi."

"Uko furushi yenye kunuka. Panda."

Nikamtandikia blanketi. Nikafuata nyuma na gongo lake na chupa ya maji. Sikuwa na tumaini wala hofu. Nilitazama visigino vya Dominique, kimoja kimepasuka, kingine kimepakwa mafuta ya mawese.

Kwenye njia panda palikuwa na vijana wa pikipiki. Ingobyi hubeba pia wanawake wanaokwenda kuzaa, na mmoja wao akapiga kelele:

"Papa! Mimba iko ya myezi ngapi?"

"Ni mapacha hayo!" mwingine akaitikia. "Angalia kitumbo!"

Wote wakacheka. Hata mmoja wa wabebaji alicheka, nilimwona mabega yakitikisika. Mume wangu alivuta kitenge changu alichofunikwa miguuni, akakipandisha mpaka juu ya kichwa, akalala. Nikasema, "Baba Joséphine, utakosa hewa." Akasema aachwe. Nikamwacha.

Sasa, kwetu mgonjwa hubebwa uso wazi. Anayefunikwa uso ni mwingine.

Tulikuwa tumekaribia Nzahaha tulipopita shamba kubwa la mihogo, wanawake wamejipanga wanalima na kuimba. Wa kwanza kutuona alinyamaza. Jembe lake akalilaza chini. Wa pili akalaza lake, na wa tatu, mpaka shamba lote likanyamaza. Wakaosha mikono mtaroni, wakafunga vitambaa vizuri, wakaingia nyuma yetu bila kuuliza neno. Mtu akifa, jembe lililolazwa haliinuliwi tena siku ile. Kila mtoto anajua. Wanaume waliokuwa wakipasua mbao nao wakaja, wakawapokea wabebaji ingobyi mabegani.

Nilipaswa kusema. Dominique alinitazama kwa lile jicho, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikaendelea kutembea.

Tulifika uwanja wa mkutano tukiwa umati. Mkubwa wa afya alisimama, akavua kofia. Ingobyi ikashushwa mbele yake taratibu, na wanawake wakaanza kuimba wimbo wa kanisani. Mume wangu, aliyekuwa amesinzia kwa homa, akafunua kitenge.

"Tumefika?" akauliza.

Wimbo ukakatika. Mwanamke mnene aliyekuwa mbele, jina lake Mukamazimpaka, akashika kiuno.

"Huyu muntu iko muzima!"

"Niko muzima, Maman."

"Na sisi tuliisha kulaza majembe! Nani atatulipa hii siku? Mufu gani anauliza kama tumefika?"

Watu wakacheka, wengine wakakasirika. Mkubwa akavaa kofia yake, akasema basi, waheshimiwa, mmesikika, kila mtu arudi kazini, jambo hili litaangaliwa.

"Kazini wapi?" Mukamazimpaka akamgeukia yeye sasa. "Jembe imelala. Leo hatulime tena. Tutakaa hapa." Akaketi kwenye majani. Wenzake wote wakaketi. Kisha akamwuliza Dominique, "Kwanza munatafuta nini, nyie batu ya kudanganya?"

Dominique akamweleza. Mume wangu alifungua kitambaa cha kigutu mwenyewe. Harufu ikatembea. Mwanamke yule alitazama muda, akamwambia mkubwa, "Papa, hata mbuzi yangu inafungwaka kidonda pale nyumbani."

Hawakuondoka. Jua lilipogeuka, mkubwa alipiga simu akiwa amewapa mgongo, akapiga nyingine. Halafu akasema mbele ya wote: muuguzi atakuja Nyakabuye kila Jumanne.

Alikuja kweli. Mukeshimana, msichana mrefu mwenye sauti ya chini. Benchi lilikuwa limejaa, yule wa taya, yule wa chuma, na wengine ambao hata sisi hatukujua kama wana vidonda. Mume wangu aliwekwa wa kwanza. Mukeshimana akafungua kitambaa, akabonyeza juu ya goti, akabonyeza tena juu zaidi.

"Papa, mlichelewa kuletewa mtu. Goti haliwezi kubaki. Nitakuandikia uende wakate."

"Sawa," akasema, kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha dukani.

"Wengine nitawaponya hapahapa."

"Sawa."

Dominique alitoka nje. Mukeshimana alisafisha kidonda hata hivyo, polepole. Mimi nilishika beseni. Maji yalipogeuka rangi akaniambia niyamwage nyuma ya choo na nilete mengine kwa ajili ya anayefuata. Nikayamwaga, nikaleta mengine.