Dakika ya Ishirini

Fundi mtandao wa maktaba alikuwa na msimamo wake: waifai ikikatika, wa kulaumiwa ni simu ya mtu. Ndivyo alivyomwambia mama mmoja mshonaji, aliyekuja pale kupiga simu za video, wiki mbili mfululizo, kwa adabu lakini bila kuinua macho. Azime, awashe. Asogee dirishani. Mama alizima, akawasha, akasogea, na maongezi yakakatika vilevile.

Siku hiyo hakuondoka. Alivuta kiti hadi mezani kwa fundi, akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Mdogo wake, aliyemlea mwenyewe baada ya baba yao kufariki, alikuwa amelazwa nchi ya mbali, na kesho asubuhi angepasuliwa moyo. Miaka sita hawakuwa wakisemezana, na kosa lilikuwa lake yeye mama. Alimwita mwizi mbele ya watu kwa ajili ya pete ya marehemu mama yao, kisha pete ikaonekana ndani ya kochi. Sasa kila akimpigia kumwomba radhi, mdogo wake anapokea, wanasalimiana vizuri, na akikaribia tu kulitamka lile neno, simu inakatika. Naye huona haya kupiga tena.

"Nataka kujua, mwanangu," alisema. "Ni yeye anayenikatia, au ni mashine?"

Fundi aliingiwa na aibu. Alikagua nyaya, akapanda ngazi kuchomeka upya kifaa cha darini, na kote hakuona kasoro. Ndipo alipofungua kumbukumbu za mtambo, akaitafuta simu ya mama. Jumatatu ilikatika dakika ya ishirini. Jumatano, ya ishirini. Ijumaa, ya ishirini, bila kuzidi hata sekunde. Ukomo ule wa dakika ishirini kwa kila mtu aliuweka mwenyewe mwaka jana, wanafunzi walipokuwa wakigombania mtandao, kisha akausahau kabisa.

Na dakika ishirini za mama alizijua, maana alizisikia mara nyingi kutoka mezani kwake: hali ya mgonjwa, ya mkewe, ya watoto mmoja mmoja, ya wakwe, ya majirani, mpaka mvua na goti lake mwenyewe. Mama alikuwa mtu wa salamu. Radhi aliiweka mwisho, pale anapoweka mambo mazito mtu mwenye heshima zake.

Fundi angeweza kuuondoa ukomo kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Roho ilimsuta.

"Si yeye, mama. Ni mimi," alisema, akamweleza yote.

Mama hakumgombeza, na hilo lilimuumiza fundi zaidi. Aliivuta simu yake karibu.

"Kwa hiyo na yeye anadhani ni mimi ninayekata."

Fundi aliondoa ukomo, akamhakikishia kwamba anaweza kuongea mpaka maktaba ifungwe. Mama aliitikia, ila imani na mashine ilikuwa imeshamtoka. Alipiga. Uso wa mdogo wake ukatokea juu ya mto, umekonda. Alipofungua tu mdomo, mama akamuwahi.

"Pete niliiona. Nilikudhulumu. Nisamehe."

Picha ilitulia, hata fundi akadhani imeganda, akanyanyuka nusu kutoka kitini. Kisha mgonjwa akajifuta macho.

"Dada," akasema, "leo hata hujanisalimia."